Fundi Cherehani na Mlango wa Bahari

Alikuwa na msimamo mmoja ambao hata mumewe alikwisha choka kuubishia: nguo isiyo na mfuko si nguo.

"Sanda ndiyo haina mfuko," alizoea kusema, pini zikiwa zimebanwa pembeni mwa midomo. "Mimi nawashonea walio hai."

Basi kila kilichopita chini ya sindano yake kilitoka na mfuko. Sare za shule, magauni ya harusi, aproni za wauza nyama, hata kanzu ya kulalia ya baba mkwe wake, ambaye aliuliza kwa upole usingizini ataweka nini.

"Miwani yako, baba."

Mzee akaipokea kanzu. Ni kweli miwani ilikuwa ikitafutwa nyumba nzima kila asubuhi.

Mtaa ule ulikuwa na mafundi wa kila namna. Kulikuwa na fundi redio, fundi viatu, na fundi bomba ambaye ndiye mumewe. Lakini mtu akisema "Fundi" akaishia hapo, alikuwa anamtaja yeye. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango ukitazama barabara inayoteremka moja kwa moja hadi ufukweni. Ndani mlikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, pasi nzito, na kioo kirefu chenye ufa katikati, ambacho kila mteja alijitazama ndani yake akiwa nusu mbili na bado akatoka ameridhika. Mlango ukiachwa wazi, upepo uliingia na chumvi, na sindano zisizopakwa mafuta zilishika kutu.

Watu wa mtaa ule waliishi na bahari kama mtu anavyoishi na jirani tajiri. Walimsalimu, walimsifu kwa wageni, lakini nyumbani kwake hawakuingia. Fundi naye alifika umri wa kuitwa bibi harusi, akaitwa mama fulani, akaanza kuota mvi, bila maji ya bahari kumpita magoti.

Kilichompeleka ni mgongo. Ukiinamia cherehani miaka na miaka, mgongo nao hushika umbo la kazi. Muuguzi wa zahanati alimbonyeza hapa na pale, akamwambia, "Dawa yako haiko kabatini kwangu. Iko mwisho wa barabara yako. Nenda kaogelee."

"Mimi?"

"Kwani samaki walizaliwa na cheti?"

Akaenda, lakini hakwenda peke yake. Alimvuta wifi yake, dada wa mumewe, muuza viatu sokoni, mwanamke mwenye mwili wa kujaza mlango na kicheko cha kujaza nyumba. Wawili hao walikuwa wakitaniana tangu siku ya posa. Baada ya hapo wakaongezeka wengine, mmoja leo, mmoja kesho, mpaka kikawa kikundi cha wanawake wa asubuhi, wanaoingia majini kabla ya vijana wa mbao kuamka na kuanza kuyapanda mawimbi.

Ufukwe wenyewe haukuwa wa mchezo. Hakukuwa na mwamba wa kuyakata mawimbi huko mbele. Yalikuja yametoka mbali, yamenyooka, yakavunjika karibu na nchi kavu kwa mshindo wa kutikisa kifua. Aliyewafundisha alikuwa mkuu wa waokoaji, waliyemwita Kipa, kwa kuwa aliwahi kudaka mpira hadi goti lilipomkataa. Mpaka leo akizungumza hutanua mikono kana kwamba kuna penalti inapigwa.

"Bahari haina hasira na mtu," aliwaambia, "wala haina mapenzi na mtu. Ina njia zake tu. Zijueni. Ogeleeni kati ya bendera zangu mbili, hapo ndipo macho yangu yalipo. Ikipanda nyekundu peke yake, rudini mkanywe chai. Asiingie mtu peke yake. Na pale..." Mkono wake mrefu ukaelekea upande mmoja, mahali ambapo mawimbi hayakuvunjika, maji yamelala laini, ya rangi ya giza kidogo. "Pale mnapaonaje?"

"Pametulia," Wifi alijibu. "Ndipo pangu pale."

"Ndipo pako kama umechoka kuuza viatu. Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi kwa njia fulani. Njia ni ile. Panaitwa Mlango. Hapakutulia, dada. Panasafiri."

Walisikia, wakakumbuka. Si kwa kutosikia walikosea. Walikosea kwa sababu ya mavazi.

Kila mmoja alitaka vazi la kuogelea la kusitiri mikono na mapaja, na fundi walikuwa naye. Fundi akawashonea wote, kwa kitambaa cha pamba nzito, rangi ya zambarau, bitana ndani. Kisha, kama ilivyo ada yake, akaweka mifuko miwili ubavuni, mikubwa, yenye vifuniko. Wanawake waliifurahia. Mmoja aliweka kitana, mwingine ufunguo, Wifi peremende. Siku za maji matulivu hakuna aliyeona kosa. Wala Kipa, aliyejua mengi ya bahari na machache ya ushonaji, hakuona.

Kisha ikaja asubuhi ya mawimbi makubwa. Bendera zilikuwa zimepandishwa, ila Kipa aliwaambia wasipite kiunoni. Wimbi moja likamwangusha Wifi kifudifudi kwenye mchanga uliochemka. Alipojaribu kuinuka hakuweza. Mifuko ilikuwa imemeza maji na mchanga kama magunia mawili, imemshika nyonga, na bitana nayo imelowa. Akainuka nusu, akaangushwa tena. Maji yanayorudi yakamsukuma kando, kando zaidi, mpaka mahali penye ulaini. Mlango ukamchukua.

Fundi alimwona akienda. Akaruka, bila boya, bila kumwita mtu, naye amevaa mifuko yake. Alimfikia, akamshika mkono, akaanza kumvuta kuelekea nchi kavu, moja kwa moja, kama mtu anayefuata mstari wa chaki. Kadiri alivyopiga maji ndivyo ufukwe ulivyozidi kuwa mdogo. Waliofika na mashua ya mpira walimkuta bado anavuta, macho wazi, haendi popote. Waliwatoa wote wawili. Wifi alilazwa hospitali, kifua kimejaa maji.

Mwenyekiti wa kamati ya ufukwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mstaafu wa posta, suruali yake ina mkunjo wa pasi hata akiwa mchangani. Aliwaita wanawake chini ya kibanda cha waokoaji, akakohoa kabla ya kusema.

"Waokoaji wangu ni wachache, na asubuhi hawatoshi. Sitaki kuzika mtu. Mpaka apatikane miongoni mwenu mmoja aliyefaulu mtihani wa uokoaji, kikundi chenu kimefungwa. Asiingie hata mmoja."

Wanawake wakatazamana. Yupi kati yao? Huyu alikuwa na kisukari, yule presha, mwingine miguu ya kuvimba. Wakainuka mmoja mmoja, wakaondoka, taulo zikiwa kavu mabegani.

Wifi alipotoka hospitali, hakupita kwake kwanza. Alikuja mpaka chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa lile vazi la zambarau kwenye mfuko wa plastiki. Akaingiza mkono ndani ya mifuko ya ubavuni, akamwaga mchanga mezani, konzi kwa konzi, juu ya kitambaa cha mteja.

"Shika chenji yako," alisema.

Fundi alitaka kucheka, akalia. Aliweka kichwa juu ya cherehani akalia kama mtoto, na Wifi akampigapiga mgongo, ule ule mgongo uliowapeleka.

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nimeshakusamehe tangu hospitali, kwani kule nilikuwa na kazi gani nyingine? Lakini nisikilize. Naogopa hata maji ya beseni. Juzi nimeoga kwa kitambaa kama mgonjwa. Mimi! Na wale wenzetu wamerudi kukaa ndani na miguu yao inayovimba. Wewe ndiye uliyenizamisha. Basi wewe ndiye utakayenirudisha. Nenda kafanye huo mtihani."

"Na mgongo huu? Na umri huu?"

"Kwani bahari imekuuliza umri?"

Siku ile ile Fundi alikusanya mavazi yote ya zambarau, akayafumua. Akanunua kitambaa cha rangi ile ile, chepesi kama cha jezi, kinachokamuliwa mara moja kikakauka, akashona upya, yakae mwilini kama ngozi ya pili. Hakuna bitana. Hakuna mfuko. Baba mkwe aliyekuwa akipita kuelekea msalani alisimama mlangoni, akalitazama vazi pande zote, akasema, "Leo nimeona miujiza."

Mumewe naye hakukosa neno. "Nimeoa fundi, nimeamka na nguva." Lakini jioni alimkanda mabega kwa mafuta ya moto, kwa mikono iliyozoea kukaza mabomba, mpaka Fundi akapiga kelele kwamba yeye si koki.

Kipa alimfundisha bila huruma, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake. Kukimbia mchangani. Kupita chini ya wimbi badala ya kupambana nalo. Kumsukumia anayezama boya kwanza, usimkumbatie, kwa maana anayezama hajui rafiki, atakupanda kama ngazi. Yote hayo Fundi aliyashika. Lililomshinda ni Mlango. Kila Kipa alipompeleka pale akiwa amefungwa kamba na mashua iko karibu, mwili wake uligeuka wenyewe kuitazama nchi kavu, ukaanza kupiga maji, moja kwa moja, mpaka pumzi ikaisha.

"Mbona unang'ang'ania mstari ulionyooka?" Kipa alimfokea siku moja, mikono imetanuka kama golini.

"Maisha yangu yote nimelipwa kwa kunyoosha!"

"Haya niambie. Kitambaa kikivutwa ndani ya mashine, kikakwama, unafanyaje?"

Fundi alifuta maji yaliyomchuruzika puani. Mwanafunzi mgeni hukivuta kwa nguvu, kikachanika. Yeye angefanyaje? Angeacha kukanyaga. Angeinua kishikizo kinachokibana kitambaa, akakiacha kipumue, kisha akakitoa taratibu kwa ubavu.

"Nirudishe," alisema.

Akarudi Mlangoni. Safari hii hakupigana. Alilala chali, akaliacha lile jambo kubwa limbebe, moyo ukimwenda mbio, mbingu ikiteleza juu yake. Nguvu ya maji ilipolegea, akageuka ubavu, akaogelea sambamba na ufukwe, polepole, mpaka akasikia mawimbi yakivunjika karibu naye. Hapo akageukia nchi kavu, na mawimbi yenyewe yakamsukuma nyumbani. Alipokanyaga mchanga alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka mbwa wa ufukweni akasimama kumtazama.

Tangu siku hiyo akaanza kupatazama pale kwa jicho jingine. Akagundua kwamba vijana wa mbao, kila wakitaka kwenda mbali kuyangoja mawimbi, waliingilia pale pale. Akamuuliza binti mmoja aliyekuwa akifunga kamba ya ubao kifundoni.

"Mbona nyinyi mnapita tunapokatazwa?"

"Ile ni lifti ya bure, shangazi," binti alijibu. "Anayejua pa kushukia haogopi kupanda. Asiyejua, bora asiisogelee."

Fundi akalichukua neno hilo, akaondoka nalo.

Siku ya mtihani ilifika na upepo wake. Mawimbi yalikuwa makubwa, si ya kufunga ufukwe, ila ya kumfanya mtu ameze mate. Habari ilikuwa imepita sokoni, na watu walijaa mchangani kama kwenye fainali. Mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye kofia pana, alieleza kazi yenyewe: mtu atapelekwa kwa mashua nyuma ya mawimbi, ajifanye anazama. Mtahiniwa aingie kwa njia anayoiona salama, amfikie, amrudishe nchi kavu akiwa hai na bila kumeza bahari nzima.

"Nani atakuwa mzamaji?" Mkaguzi aliuliza. Waokoaji walikuwa wamemwandaa kijana wao mmoja.

"Mzamaji ni mimi," ikatoka sauti.

Wifi alikuwa amesimama, amevaa vazi lake jipya la jezi, mikono kiunoni. Watu waliomjua wakashika midomo. Hakuwa ameingia baharini tangu siku ile.

"Mama, hapana," Mwenyekiti aliingilia. "Si mzaha huu."

"Nina uzoefu gani mwingine, Mwenyekiti? Katika nyinyi wote hapa, nani aliyewahi kuzama kama mimi?"

Kicheko kikapita mchangani. Mkaguzi hakucheka. Alimsogelea, akamtazama usoni. "Unajua kuelea?"

"Najua. Natetemeka, lakini najua."

"Mashua itakuwa pembeni yako. Ukiinua mkono, mtihani umekwisha na wewe unatolewa. Umekubali?"

"Nimekubali."

Fundi alimshika mkono. "Wifi, si lazima iwe wewe."

"Akinitoa mwingine," Wifi alinong'ona, "nitakuwa nimetoka baharini tu. Sitakuwa nimerudi."

Mashua ikampeleka. Kichwa chake kikawa nukta nyeusi nyuma ya mistari myeupe, kinapanda, kinashuka. Fundi alivaa mkanda wa boya begani, akasimama akiitazama bahari. Aliitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kushika mkasi.

"Mama, hiyo haishonwi!" mlevi mmoja alipiga kelele. Watu wakamnyamazisha.

Kipenga kikalia.

Kila mtu alitegemea aingie mbele yake, kati ya bendera, apambane na mawimbi moja baada ya jingine. Badala yake akageuka, akakimbia mchangani, kandokando ya maji, boya likimrukaruka mgongoni. Alikuwa akielekea Mlangoni.

"Anakwenda wapi?" Mwenyekiti alipaza sauti. "Pale ndipo walipozama! Mzuieni!"

Alitaka kukimbia, lakini Kipa alikuwa mbele yake, mikono imetanuka, magoti yamekunjwa. Kila Mwenyekiti alipoelekea kushoto, Kipa yuko kushoto. Kulia, yuko kulia. Wazee wa mpira waliokuwepo waliapa kwamba hata enzi zake hakuwahi kudaka vizuri hivyo.

"Mwache, mzee. Anajua anakopita."

Fundi aliingia. Maji ya magoti, ya kiuno, ya kifua, kisha miguu ikaacha mchanga na Mlango ukamchukua. Safari hii alijipa mwenyewe. Hakuna wimbi lililompiga usoni. Kushoto kwake na kulia kwake bahari ilikuwa ikianguka kwa ngurumo, na yeye katikati anateleza kama uzi ndani ya tundu la sindano. Pumzi zake zote alizihifadhi. Ufukweni mtu mmoja akasema, "Mbona anakwenda haraka hivyo?" Kabla hajamaliza kusema, Fundi alikuwa amekwisha pita nyuma ya mawimbi.

Nguvu ilipolegea, akashuka. Akageuka ubavu, akaogelea kwenye maji mapana yanayopumua, mpaka akaona ule uso mkubwa anaoupenda, umekunjamana kwa hofu.

Akasimama mbali kidogo. Akasukuma boya. "Shika hili. Usinishike mimi."

Wifi akalikumbatia. "Umechelewa."

"Nimechelewa wapi? Hata nywele za juu hazijalowa!"

"Mimi nimezama, usibishane na marehemu."

"Marehemu hasemi, wifi. Funga mdomo, pumua kwa pua, piga miguu nikikwambia."

Sauti ya Wifi ikabadilika, ikawa ndogo. "Usiniache."

"Siwezi kukuacha. Nitamtania nani?"

Akaanza kumvuta kuelekea kwenye mawimbi yanayovunjika, mahali ambapo maji yanakwenda nyumbani. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Aliangalia nyuma, akasubiri makubwa yapite. Likaja moja lisilotarajiwa, refu kama ukuta wa ghala. Fundi alimzunguka Wifi kwa mkono kutoka nyuma, wote na boya lao, akapiga kelele, "Vuta pumzi!" Bahari ikawaangukia. Chini kulikuwa na giza na ngurumo na mchanga. Mkono wake haukuachia. Mgongo ule uliokunjwa na cherehani ulinyooka kama upinde uliofyatuka, na wakaibuka pamoja, wanakohoa, wako hai, na wimbi lile lile lililowapiga limewasogeza mbele kuliko miguu yao ingeweza.

"Piga miguu sasa! Piga!"

Wifi akapiga. Wakapiga wote wawili. Wimbi jingine likawabeba, na jingine, kisha Fundi akahisi kitu kigumu chini ya kidole gumba. Mchanga. Akasimama. Akamshika Wifi chini ya makwapa, akamburuta kinyumenyume, mwili wote ule wa kujaza mlango, mpaka mahali maji yasipofika, na wakaanguka pamoja.

Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka sokoni. Mume wa Fundi alikuwa anaruka na viatu vyake vya kazi, anamwambia kila aliye karibu, "Mke wangu huyo! Mke wangu!" kama vile kuna mtu aliyedai vinginevyo. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekwisha wafunika wale wawili kwa taulo, wanacheka na kulia kwa zamu.

Mkaguzi alichuchumaa mbele ya Fundi. "Kwa nini umeingilia pale, mahali pa hatari kuliko pote?"

Fundi alihema. "Nilikuwa na haraka. Wifi yangu alikuwa anazama."

Mkaguzi alimtazama kidogo, kisha akavua kofia yake pana, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umefaulu, Mwokoaji."

Kipa mwenyewe ndiye aliyemvisha fulana nyekundu. Mwenyekiti alikuja na suruali yake iliyolowa hadi magotini, mkunjo wote umepotea, akampa mkono kwa heshima. "Kikundi chenu kimefunguliwa. Mnaweza kuanza kesho."

"Kesho?" Wifi aliinuka, nywele zimejaa mchanga. "Bahari ya leo ina nini?"

Akatupa taulo, akaanza kuelekea majini kwa miguu yake mwenyewe, mabega nyuma, kifua mbele, kama anayekwenda kupokea mali yake. Wenzake wakamtazama tu. Kisha mmoja akamfuata, na wa pili, kisha wote, rangi ya zambarau ikamwagika kwenye povu jeupe, wakipiga vigelegele kila wimbi dogo lilipowafika kiunoni.

Fundi alisimama kwenye ukingo wa maji, miguu imetanuka, filimbi mpya shingoni, akiwahesabu kwa macho. Alimhesabu Wifi mara mbili. Kisha akaona ameanza kusogea kando, hatua kwa hatua, akicheka na mtu, amepita bendera.

Akapuliza filimbi kwa nguvu zote za kifua chake. Ufukwe mzima ukageuka.

"Wewe mwenye zambarau! Ndiyo, wewe! Rudi ndani ya bendera!"

Wifi akasimama, akashika kiuno. "Jamani! Fulana haijakauka, cheo kimeshampanda kichwani!"

Lakini alirudi. Alirudi akicheka kile kicheko chake cha kujaza nyumba, na siku hiyo kilijaza bahari.